Kilio cha Shingo ya Fundi Kunda

Kabla shingo yake haijampa umaarufu, Kunda Mwape alikuwa fundi cherehani kama mafundi wengine wa Kampemba: mashine ya kukanyaga barazani, chaki sikioni, pini midomoni, na ahadi nyingi kuliko nguo. Ukimpelekea kitambaa kabla ya Pasaka, alikuapia kwa jina la mama yake kwamba utavaa siku ya Pasaka. Mwaka gani, hakusema.

Baba yake alikuwa mtu wa reli, aliyehamia mjini kutoka upande wa Sakania, na alitaka mwanawe avae kofia ya chuma akachimbe shaba kama vijana wenye akili. Kunda alishuka mgodini mara moja tu, akapandishwa juu amezimia, na tangu siku hiyo familia ikakubali kwamba mikono yake iliumbiwa sindano. Alimwoa Germaine, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha mtaa, wakazaa, wakazeeka kidogo. Kisha serikali ikapiga marufuku tai na koti la kizungu, na majina ya ubatizo pia. Kunda akaacha kuitwa Alphonse, na Germaine akawa Nkandu mchana na Germaine usiku mlango ukishafungwa. Wanaume wote wenye cheo, na wale waliokitamani, wakataka kushonewa abakosti, koti lile la kola lisilovaliwa na tai. Kunda hakuwahi kuipenda siasa hata siku moja, lakini ilimjazia baraza.

Ilikuwa katika kujipima kola ya abakosti yake mwenyewe ndipo alipougundua uvimbe. Ulikuwa upande wa kushoto, chini ya taya, mdogo kama harage. Aliubonyeza, haukuuma. Aliusukuma, ukateleza chini ya kidole kana kwamba una shughuli pengine. Akaamua kwamba ni pini aliyomeza zamani, inatafuta njia ya kutokea, akaendelea kushona.

Pini haikutoka. Mvua zikaja, zikaenda, zikaja tena, na harage likawa yai la njiwa, yai la njiwa likawa yai la kuku. Halikuwa na joto wala wekundu, wala halikumletea homa. Lilikaa tu, gumu kidogo kama mpira wa tairi, likinenepa kwa utulivu wa mtu anayekula kwa shemeji. Kunda aliogopa. Na kwa kuwa aliogopa, alifanya alichojua kufanya: alishona. Alijitengenezea kola iliyoinuka upande wa kushoto mpaka karibu na sikio, imetiwa pamba ndani, ili uvimbe ujifiche humo kama mgeni chumbani. Wahenga walishasema, mficha ugonjwa kilio kitamfichua, ila hawakueleza kilio chenyewe kitakuwa cha namna gani.

Citoyen Kalaba, yaani Raia Kalaba kama serikali ilivyotaka watu waitane, komiseri aliyetawala zone, alipita barazani akaiona kola ile. Akaizunguka. Akauliza kwa sauti ya chini kama ndiyo wanayovaa sasa Kinshasa. Kunda, mdomo umejaa pini, alitikisa kichwa kwa namna ambayo ingeweza kuwa lolote. Kabla ya mwezi kwisha, wakubwa wa zone nzima walikuwa wakitembea na kola zilizopanda sikio la kushoto. Walimu wakafuata, kisha makarani. Jumamosi kwenye salongo, kazi ile ya lazima ya kusafisha mitaro, uliona safu ya wanaume wameinama na majembe, vichwa vimelala kulia, kama kuku wanaosikiliza radi. Kunda aliwatazama na hakucheka. Kila kola ilimkumbusha kilichomo ndani ya kola yake.

Mtu mmoja tu hakudanganyika, naye ni Chola, fundi baiskeli wa baraza la pili. Chola alikuwa rafiki yake, lakini zaidi ya hapo alikuwa mtani wake, na mtani ni zaidi ya rafiki na mbaya kuliko adui. Kunda ni wa ukoo wa Uyoga. Chola ni wa ukoo wa Mvua. Uyoga hauchipui bila mvua, kwa hiyo watu wa Mvua hujiona wamewazaa watu wa Uyoga, nao watu wa Uyoga hujibu kwamba mvua isiyo na uyoga ni matope tu. Watani wa kweli hawaombani kitu. Mmoja ananyoosha mkono, anashika, anasema "Changu!" mbele ya watu, na kimekuwa chake. Aliyenyang'anywa lazima acheke. Akikunja uso, ukoo wake wote umeaibika. Na ukifa, ni mtani anayekuzika, anayekutukana kaburini, anayekuigiza unavyotembea, ili msiba usije ukawashinda waliobaki. Kwa njia hiyo Chola alikuwa amekwisha kujipatia kwa Kunda kofia, jogoo, na suruali ya mteja mmoja kutoka Mitwaba ambaye anaidai hadi leo.

"Fundi," alisema asubuhi moja, akiingiza kidole ndani ya kola bila hodi, kama anayepapasa uyoga. "Hii bowa yako inakomaa muzuri. Miye njo nilikunyeshea mvua. Unanichungia tu, siku moja nitakuya kuvuna."

"Toa kidole yako, mutu ya matope."

"Inauma?"

"Haiumi."

Chola alicheka, kama ilivyompasa. Lakini alikawia kukitoa kile kidole.

Germaine ndiye aliyemaliza mchezo. Aligundua kwamba mumewe amekuwa akilala ameketi, kwa sababu akilala chali uvimbe unamkaba pumzi. Hakumuuliza. Asubuhi alimfungia mashine kwa mnyororo wa baiskeli, akamshika mkono, akampeleka hospitali huku akimweleza, kwa faida ya mtaa mzima, aina za wanaume wajinga na yeye ni aina ya ngapi.

Muuguzi Julienne alimbonyeza shingo. "Inauma, baba?"

"Hapana, mama."

"Hata nikifinya hivi?"

"Hata."

"Basi haiko muzuri. Ingeuma, ningesema ni jino."

Daktari Kapya alikuwa kijana mpole, aliyewaita wagonjwa wote baba na mama hata wale aliowapita kwa umri. Alipapasa kwapa zote mbili, akapapasa kinena, akabonyeza tumbo kutafuta wengu uliovimba. Aliuliza kama anatokwa jasho usiku, kama amekonda, kama ana homa, kama kifua kikuu kimewahi kuingia nyumbani. Yote hapana. Palikuwa na uvimbe mmoja tu, mahali pamoja, mwili mwingine wote ukiendelea na maisha yake.

"Baba Kunda, sitakudanganya," alisema. "Ni tezi hiyo. Kila mutu iko na tezi kwa shingo, ni kambi ya askari ya mwili. Yako imejaa askari. Lakini kwa macho siwezi kujua kama ni askari wa kweli wamekuwa mingi tu, ao kama ni kansa. Kwa nje binafanana. Nitaitoa, tutaikata bipande-bipande, tutaitazama na mashini kule Kinshasa. Pale tu njo tutajua."

Kunda alirudi nyumbani na neno moja kati ya hayo yote: kansa. Usiku ule alimwambia Germaine kwamba haogopi kisu, wala kufa haogopi sana. Anachoogopa ni kukaa barazani miaka yote akijishika shingo na kujiuliza. Germaine akamkumbatia.

Uvimbe ulitoka mzima, ndani ya ganda lake, baada ya kumwaga damu iliyomtoa daktari jasho. Uliwekwa kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko wa kusokota, ukamiminiwa formoli ili usioze, na ile chupa ikawekwa dirishani karibu na kitanda, ikisubiri kuchukuliwa. Hapo ndipo Chola alipoingia kumwona mgonjwa, na mananasi mawili mkononi, moja akiwa ameshalila nusu.

Alimtazama Kunda, shingo imefungwa bandeji, uso umekuwa wa majivu, amelala kwa dawa. Kisha akaiona chupa. Akanyoosha mkono, akaishika, akasema kwa sauti ya kusikika wodi nzima: "Changu!"

Sasa, muuguzi wa mahali pengine angepiga kelele. Julienne alikuwa mtoto wa Sakania, na juu ya hayo alikuwa mtu wa ukoo wa Mvua. Alicheka mpaka akashika ukuta. Wagonjwa waliojua mambo wakapiga makofi, na Chola akatoka na chupa kwapani kama mtu aliyeshinda mnada. Julienne alidhani ataichezea uani kisha airudishe, kama wafanyavyo watani wastaarabu. Akili zilipomrudia, Chola alikuwa amekwisha kuvuka barabara.

Kunda aliruhusiwa kwenda nyumbani siku chache baadaye. Alitembea polepole, ameegemea bega la Germaine, na walipokaribia mtaa wao wakasikia kilio. Kilikuwa kilio kikubwa, chenye ngoma. Uani kwa Chola watu wamejaa, wanawake wameketi chini, chungu cha bukari, ugali wa huko, kinatokota, pipa la kinywaji cha munkoyo limefunuliwa.

"Nani alikufa?" Kunda alimuuliza mama mmoja aliyekuwa akigaagaa mavumbini.

"Fundi Kunda!" alilia yule mama bila kuinua uso. "Na pagne yangu iko kwake!"

Kilichomuuma Kunda si kwamba wanamlilia, bali kwamba wanalilia vitambaa. Mmoja alilia suruali, mwingine sare za wanawe wote. Katikati ya uwanja Chola alikuwa amevaa kofia ya Kunda, ile aliyoinyang'anya, anamwigiza: pini mdomoni, kichwa upande, anamwapia mteja kwa jina la mama yake. Watu walikuwa wanakufa kwa kicheko na kilio pamoja. Alipomwona mwenyewe amesimama na bandeji, Chola hakushtuka hata kidogo.

"Marehemu amefika!" alitangaza. "Mumupe kiti. Tumesha kukuzika asubuhi, weye ulichelewa."

Alikuwa ameiweka chupa katika sanduku la cherehani, akaichimbia kaburi kwenye kichuguu chake. Kichuguu kile kilikuwa mali ya Chola kuliko hata baiskeli. Kilikuwa kirefu kuliko nyumba, udongo wake aliufyatulia matofali, na kila mvua za kwanza uyoga mkubwa ulichipuka ubavuni mwake. Angemzika wapi kwingine mtu wa ukoo wa Uyoga?

Kunda aliketi. Akapewa bukari na mboga ya sombe, akala kwenye kilio chake. Mambo yangeishia hapo kama Citoyen Kalaba hangetokea, na kikundi cha ngoma za chama tawala nyuma yake, amekuja kumlilia fundi wa kola. Hotuba yake ilikuwa tayari, na hotuba ya mkubwa haimezwi. Alipoonyeshwa marehemu akitafuna, alisita kidogo, akarekebisha kola iliyomfunika sikio, akahutubia. Alimsifu marehemu kwa kulivika taifa. Alipomaliza, mtu mmoja alimnong'oneza kwamba basi, mukubwa, mwenyewe ni huyu hapa. Citoyen Kalaba alijibu kwamba chama kikishalia hakiwezi kurudisha machozi, na marehemu awe na nidhamu.

Daktari Kapya hakucheka. Alifika jioni ile ile na gari la hospitali, Julienne akiwa amekwisha kukiri, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikuwa anasafiri kwenda Kinshasa kwa mkutano wa madaktari, naye angeibeba chupa mwenyewe kwa mikono yake. Asipoibeba safari hii, hajui itapatikana ndege gani tena, na ile dawa haiwezi kulinda nyama milele ndani ya udongo wa joto.

"Bila hiyo chupa," alimwambia Kunda, "sitakuwa na jibu. Nitangoja tu kama ugonjwa itarudi."

Kunda akamgeukia Chola. "Fukua."

"Maiti haifukuliwi," alisema Chola. "Inataka mafuta, na kuku, na bazee ya pande mbili. Na bibi yako alisha kuwa mujane, nani atamurudisha?"

"Chola. Fukua."

"Hapana."

Watu walingoja utani wa kufuata. Haukuja. Chola alisogea karibu, akashusha sauti, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane Kunda hakusikia kicheko hata kimoja ndani yake.

"Lufu, kifo yenyewe, ilikuya kukutafuta, ikapata kaburi yenye jina yako, na bantu banalia, na mukubwa anasema hotuba. Ikaamini. Ikarudia kwayo. Sasa weye unataka nifungue? Ikiona kaburi wazi, itauliza: mwenyewe eko wapi?"

Daktari, pamoja na shule yake yote, alitazama viatu vyake. Ungemwambia nini mtu kama huyo? Kumpiga haiwezekani, mtani hapigwi. Kumwomba pia haiwezekani, mtani haombwi. Watoto wakaanza kulala migongoni mwa mama zao, na gari la daktari likaunguruma barabarani.

Ndipo Kunda alipoinuka. Alikwenda mpaka kwenye kichuguu, ameshika bandeji kwa mkono mmoja. Akapanda, akateleza, akapanda tena, mpaka akafika mahali ambapo watu wote wangemwona. Akakipiga kichuguu kofi.

"Changu!" alisema. "Kichuguu, na udongo, na bowa, na byote bilimo!"

Kichuguu kizima! Tangu babu zao hakuna mtani aliyewahi kuchukua kitu kikubwa hivyo. Kila mtu alimtazama Chola, kwa sababu sheria ni sheria, na aliyenyang'anywa lazima acheke. Chola alifungua mdomo. Kicheko kilichotoka kilikuwa kimoja na kikavu, kama mnyororo uliokatika, lakini kilisikika. Kisha akaenda kuleta jembe.

Chupa ilitoka nzima. Formoli haikupungua hata tone, na uvimbe ulikuwa umekaa ndani yake vile vile, wa kijivu, umeshiba, haujali. Daktari Kapya akaupakata kifuani mpaka Kinshasa, na inasemekana ndani ya ndege hakuna aliyekubali kukaa naye.

Zikafuata siku za kungoja, nazo zilikuwa mbaya kuliko kisu. Kunda alishona kola, akazifumua, akazishona. Kila tezi ndogo ya koo, kila mafua, vilimpeleka kwenye kioo. Alimjibu kila mtu kwa hasira, hata Germaine, ambaye kwa mara ya kwanza katika ndoa yao aliacha kugomba, na ukimya wake ukamtisha zaidi. Chola alikuwa barazani kwake akiziba pancha. Hakutania. Wateja waliulizana kama hao wawili wamegombana.

Daktari alirudi mchana mmoja wa mvua, akaingia moja kwa moja jikoni, akamkuta Germaine anakata kitunguu, Kunda ameketi juu ya kinu, na Chola mlangoni na spana mkononi, amekuja bila kuitwa. Daktari aliomba kisu. Akakikata kitunguu kwa kati, akawaonyesha uso wake.

"Niliona na macho yangu ndani ya mashini," alisema. "Iko hivi. Vijiji vidogo-vidogo vya askari, na kila kijiji kimezungukwa na duara juu ya duara, sawa hii kitunguu. Na mushipa mudogo wa damu unaingia kutoka pembeni mpaka kati, kama kijiti." Akachomeka kijiti cha kiberiti kwenye kitunguu ili waone. "Wazee wangu wa Kinshasa banasema kuko ingine yake mubaya, ile inashika tezi za mwili wote, na homa, na jasho, na damu kupunguka. Yako si hiyo. Yako ilikuwa moja, na tuliitoa yote. Si kansa, baba. Ni askari walizaana bila vita. Haitakuua."

"Sema tena," alisema Germaine.

"Haitamuua, mama."

Germaine akaketi sakafuni, katikati ya maganda, akaanza kumtukana mumewe kwa yote aliyokuwa amelimbikiza siku zile, na machozi yakimtoka, na akasema ni kitunguu. Kunda alijishika shingo. Kovu lilikuwa laini. Alijisikia mwepesi mpaka akaogopa kusimama.

Alipoinua macho, mlangoni hapakuwa na mtu. Spana ilikuwa imeachwa chini.

Alimkuta kwenye kichuguu, kile ambacho sasa kilikuwa mali ya ukoo wa Uyoga, amechuchumaa mbele ya shimo lililokuwa kaburi. Mvua ilikuwa imelijaza maji nusu. Chola alikuwa analia, si kilio cha kuigiza, bali kile chenye kamasi na sauti mbaya. Kunda alijua wajibu wake. Mtani akilia, unamcheka. Akasafisha koo.

"Weye mutu ya matope," alisema. "Unalia nini? Si nilisha kuzikwa? Na niko hapa."

"Ile siku sikulia," alisema Chola. "Siku nzima nilicheka tu, juu hiyo njo kazi yangu. Nilikuzika na kucheka, Alphonse. Sasa uniache nilie."

Kunda akavua abakosti yake, ile yenye kola iliyopanda mpaka sikioni, akamfunika nayo mabegani kwa sababu ya mvua, akachuchumaa kando yake. Chola aliishika ile kola, na kwa mazoea tu, katikati ya kwikwi, akasema, "Changu." Kunda akamwacha nayo.